Mafunzo Niliyopata Nikisimamisha Makato ya Kila Mwezi Kwenye Kadi Yangu

Kwetu Mitunguu, hapa Kenya, ni nchi ya ndizi. Mikungu hutoka mashamba yanayonyweshwa kwa maji ya mabomba, hupimwa kwa kilo, hupakiwa kwenye malori na kupelekwa Nairobi. Malipo yake siku hizi ni nadra kushikwa mkononi. Huingia M-PESA au moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Ndiyo maana kadi ya benki haiko tena kwa mwalimu na mtumishi wa serikali peke yao. Iko pia kwenye pochi ya mwenye shamba na ya mchuuzi kama mimi.

Kadi yangu niliianza kuitumia mtandaoni kwa ajili ya binti yangu. Alipokuwa kidato cha nne tulijisajili kwa huduma ya masomo ya video ya kampuni moja ya ng'ambo, iliyolipwa kwa dola kila mwezi. Ilimsaidia. Mtihani wa KCSE ulipokwisha tulijiondoa kwa kufuata maelekezo yao wenyewe. Mwezi uliofuata pesa zikakatwa, na mwezi uliofuata tena. Kuyasimamisha makato yale kulinifundisha mambo ambayo sikuambiwa siku niliyokabidhiwa kadi. Tangu hapo jamaa na majirani huniletea simu na stetimenti zao tuzisome pamoja, na kila moja imeniongezea elimu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Makato yanayojirudia hayahitaji PIN yako

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Pesa zimetokaje na PIN ninayo mwenyewe?" Jibu liko katika namna malipo haya yanavyofanya kazi. Unapojisajili kwa huduma ya mtandaoni unajaza namba ya kadi, tarehe yake ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, na mara nyingi benki inakutumia namba ya kuthibitisha kwenye simu. Hapo umeruhusu malipo ya leo, na kama masharti yanasema hivyo, umeruhusu pia ya mwezi ujao na mingine yote itakayofuata. Kampuni inahifadhi namba ya kadi, au alama inayoiwakilisha, kisha kila mwezi inapeleka dai kwa benki yako bila kukuuliza.

Kanuni za kimataifa za usalama wa kadi zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma. Kwa hiyo malipo ya marudio yamepangwa yapite bila hizo. Ndiyo sababu kubadilisha PIN hakusaidii kitu hapa. Kinachoyaendesha makato ni idhini uliyoitoa siku ya kwanza, na kazi yote iliyo mbele yako ni kuitafuta idhini hiyo mahali ilipo na kuifuta.

2. Soma stetimenti, usitosheke na salio

Anayetazama salio tu huona kwamba pesa zimepungua, asijue zimekwenda wapi. Omba stetimenti ya miezi sita, au uitoe kwenye programu ya benki, kisha uketi na kalamu. Piga mstari chini ya kila kiasi kinachorudi katika tarehe zinazokaribiana. Ada za benki, mkopo na bima uliyokata mwenyewe utazitambua upesi. Kitakachobaki ndicho cha kufuatilia.

Jina lililoandikwa kwenye stetimenti huenda lisifanane na jina la huduma unayoijua. Yangu ilikuja kwa herufi kubwa, jina la kampuni nisiyoifahamu, mji wa ng'ambo pembeni, na kiasi kisicholingana na kile nilichoona siku ya kujisajili. Hata hivyo jina hilo ni ramani. Likianza na GOOGLE na alama ya nyota, malipo yamepitia Google, mara nyingi duka lake la programu. Likiwa APPLE.COM/BILL, yamepitia Apple. Likianza na PAYPAL, idhini iko ndani ya akaunti yako ya PayPal, na huko ndiko itakakofutwa. Likiwa jina la kampuni yenyewe, basi kampuni hiyo ndiyo inayoishikilia kadi yako.

Kiasi nacho hubadilika kwa sababu ya dola. Mapema mwaka wa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 hivi. Katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu shilingi 130. Huduma ya dola 10 ilikukata shilingi 1,600 Januari, na 1,300 baadaye, kabla hujahesabu ada ya benki ya kubadilisha fedha. Kwa hiyo usitafute kiasi kilekile. Tafuta tarehe na jina.

3. Kufuta programu kwenye simu si kujiondoa

Hili ndilo linalowaponza wengi, na si kwa uzembe wao. Mtu anabonyeza alama ya programu, anaifuta, haioni tena kwenye simu, anaamini mambo yamekwisha. Google na Apple zote zinaeleza kwamba kufuta programu hakusimamishi usajili. Mkulima wa Mitunguu analielewa hili upesi nikimwambia hivi: ukiuondoa mpira wa maji shambani, maji yanaendelea kumwagika mpaka uifunge koki.

Kwenye simu za Android, fungua Play Store, gusa picha au herufi ya jina lako juu upande wa kulia, uingie sehemu ya malipo na usajili. Utaona orodha ya kila huduma inayoendelea, tarehe ya makato yajayo, na mahali pa kuisitisha. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, uingie sehemu ya usajili. Kama simu imewahi kuwa na akaunti mbili za baruapepe, kagua zote mbili. Nimeona mama mmoja akihangaika kwa muda mrefu kumbe huduma ilikuwa imesajiliwa kwa baruapepe ya mwanawe aliyeko chuoni.

Ukishasitisha, kwa kawaida huduma inaendelea mpaka mwisho wa muda uliokwisha kuulipia. Hiyo si dalili kwamba umeshindwa. Tazama kama tarehe ya makato yajayo imetoweka na mahali pake pameandikwa tarehe ya mwisho wa huduma.

4. Jiondoe mapema, na uweke ushahidi

Majaribio ya bure yanayodai namba ya kadi hugeuka malipo siku yanapokwisha, na kampuni nyingine hupeleka dai saa kadhaa kabla. Mimi sasa najiondoa siku ileile ninayojisajili, kwa kuwa mara nyingi huduma hubaki wazi mpaka siku za majaribio ziishe. Pale ambapo masharti yanaifunga papo hapo, naandika kwenye kalenda ya simu tarehe iliyotangulia mwisho kwa siku tatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali methali hiyo inapofaa kuliko hapa. Piga picha ya skrini inayoonyesha umejiondoa, pamoja na tarehe. Hifadhi baruapepe ya kuthibitisha. Isipokuja, andika wewe: eleza jina lako, baruapepe uliyojisajili nayo, tarakimu nne za mwisho za kadi, na sentensi moja isiyo na utata: "Ninaondoa idhini yangu, msiitoze kadi hii tena kuanzia leo." Kamwe usiandike namba nzima ya kadi wala tarakimu za nyuma. Barua yangu ya namna hiyo haikujibiwa, na pesa zikakatwa tena. Lakini ndiyo iliyokuja kunisaidia benki, kwa sababu ilionyesha siku na maneno.

5. Kadi mpya na akaunti tupu si tiba ya kutegemea

Ushauri wa kwanza utakaopewa na karibu kila mtu ni kubadilisha kadi. Wakati mwingine hufaulu. Lakini Visa na Mastercard zote zina huduma inayowapelekea wafanyabiashara taarifa za kadi mpya pale ya zamani inapokwisha muda au kubadilishwa, kwa benki zilizojiunga nayo. Lengo lake ni jema: umeme, bima au shule visikatike kwa sababu tu kadi imefika tarehe yake ya mwisho. Matokeo yake kwa anayekimbia makato ni kwamba hayo makato yanaweza kumfuata kwenye kadi mpya. Ukilazimika kubadilisha, mwambie mhudumu waziwazi kwamba hutaki taarifa za kadi mpya zipelekwe kwa wafanyabiashara.

Kuiacha akaunti tupu nako hakufuti idhini. Dai linakataliwa leo, kampuni inajaribu tena kesho na keshokutwa, na siku malipo ya ndizi yanapoingia ndiyo siku inayofaulu. Kwa mtu anayetegemea pesa hizo kulipa wachumaji na gari, hasara hiyo inakuja siku mbaya kuliko zote.

6. Benki ipelekee maombi mawili, si malalamiko ya jumla

Kutoka Mitunguu, tawi la benki yangu nalifuata mji wa Nkubu. Nilifika na bahasha: stetimenti niliyoipigia mistari, picha ya skrini iliyochapishwa, na nakala ya barua yangu kwa kampuni. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, tufunge kadi hii tukupe nyingine, itakuwa rahisi."

Nikamwambia, "Asante, kijana wangu. Lakini nina maombi mawili. La kwanza, mzuie mfanyabiashara huyu asiitoze kadi yangu tena. La pili, ninapinga malipo haya aliyoyachukua baada ya mimi kujiondoa. Ushahidi huu hapa."

Alizigeuza zile karatasi moja moja, akaenda kwa mkubwa wake, akarudi na fomu. Niliijaza palepale: tarehe ya kila malipo, kiasi, jina lilivyo kwenye stetimenti, sababu. Nikaomba nakala yenye muhuri na namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Baada ya wiki kadhaa pesa za miezi niliyokatwa baada ya kujiondoa zilirudi. Za kabla ya hapo sikuzidai, kwa maana huduma tuliitumia.

Tofauti ya maombi hayo mawili ni kubwa. Ombi la kwanza linalinda mwezi ujao; la pili linarudisha mwezi uliopita. Ukiomba moja tu utapata moja tu. Katika kanuni za Visa, malipo ya marudio yaliyoendelea baada ya mteja kujiondoa ni sababu inayotambuliwa kwa jina lake, yenye namba 13.2, na Mastercard nayo ina njia kama hiyo. Muda wa kawaida wa kupinga kwa Visa ni siku 120, lakini benki inahitaji siku zake za kuandaa lalamiko, kwa hiyo usingoje miezi irundikane. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usiseme kadi imeibwa ikiwa ulijisajili mwenyewe. Wizi wa kadi na makato baada ya kujiondoa ni mashtaka tofauti, na ukichagua lisilo la kweli kampuni itatoa kumbukumbu za usajili wako na utashindwa ilhali haki ilikuwa yako.

7. Tenga pesa za mtandaoni na pesa za riziki

Akaunti inayopokea malipo ya mazao haipaswi kufungamana na huduma yoyote ya kila mwezi. Fungua akaunti ndogo ya pili yenye kadi yake, uweke humo kile tu ulichokusudia kutumia. Benki nyingi sasa zinakuruhusu kuzima kadi kwa muda kupitia simu, au kuzima malipo ya mtandaoni peke yake na kuacha ATM ikifanya kazi. Jua mipangilio hiyo iko wapi kabla hujaihitaji.

Kwa asiye na kadi ya benki kuna kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022. Faida yake ni kwamba haigusi akiba iliyo benki. Lakini pesa inazitoa M-PESA, na M-PESA kwa wengi wetu ndiyo mfuko wa kila siku. Kanuni inabaki ileile: jua umeiruhusu kampuni gani, na ifute siku huduma inapokwisha.

8. Simu ya kawaida nayo ina makato yake

Mzee jirani yangu hana kadi wala simu ya kisasa. Lalamiko lake lilikuwa salio: anaweka shilingi 50 asubuhi, jioni zimepungua na hajapiga simu. Tulipofungua jumbe zake tukakuta mistari ya Biblia, matokeo ya mpira na vidokezo vya afya vikiingia kila siku, kila kimoja na bei yake. Shilingi 5 kwa siku haionekani kuwa kitu, ila kwa mwaka ni shilingi 1,825, na kwa mzee anayeishi kwa kuuza maziwa kidogo hizo ni pesa za dawa.

Kwa laini ya Safaricom, piga *456*20# uone jumbe za kulipia ulizosajiliwa, kisha ujiondoe moja moja. Njia nyingine ni kutuma neno STOP kwa namba ile fupi iliyoleta ujumbe. Watoto na wajukuu wafanye kazi hii wanapokuja nyumbani likizo, kwa idhini ya mwenye simu na mbele ya macho yake.

Kagua pia M-PESA Ratiba, huduma iliyoanza Oktoba 2024, inayotuma malipo ya kawaida kwa tarehe uliyoipanga. Ni nzuri kwa kodi na michango ya chama. Lakini mpangilio uliokwisha kazi yake uondolewe.

9. Sheria iko upande wako, itumie kwa utaratibu

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia anapopata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai malipo kwa bidhaa au huduma ambayo mtu hakuiomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuondoa wakati wowote idhini uliyoitoa ya kutumia taarifa zako.

Utaratibu ni ngazi kwa ngazi. Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Kisha benki au mtandao wa simu, na uchukue namba ya lalamiko. Wakikawia bila sababu, lalamiko kuhusu benki lipeleke Benki Kuu ya Kenya, la simu lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano, na la matumizi mabaya ya taarifa zako kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kila ngazi itakuuliza ulifanya nini kwenye ngazi iliyotangulia, na hapo daftari lako ndilo litakalojibu.

Tatizo hili halikuzaliwa Mitunguu. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba wateja waliingizwa kwenye usajili wa Prime bila ridhaa ya kweli na kuwekewa njia ngumu ya kujiondoa. India ilichagua kinga: tangu Oktoba 1, 2021, Benki Kuu yake inataka mteja wa kadi ataarifiwe angalau saa 24 kabla ya makato ya marudio, na apewe nafasi ya kuyakataa.

Kanuni hiyo ya India ndiyo ninayoiomba kwa nchi yetu. Benki zetu tayari hututumia ujumbe dakika pesa zinapotoka. Mtambo unaoweza kuniambia pesa zimekwenda unaweza kuniambia jana yake kwamba zitakwenda. Benki Kuu ya Kenya ilifanye hilo kuwa sharti kwa kila kadi inayotolewa humu nchini, na kampuni ziwajibishwe ili kutoka kuwe rahisi kama kuingia.

Nawe msomaji, usingoje sharti hilo. Wiki hii toa stetimenti ya miezi sita, piga mistari, fungua orodha ya usajili kwenye simu yako, na ya mama au baba yako pia. Ulichokiruhusu na bado unakitumia, kilipe kwa amani. Usichokitaka, futa idhini yake kwa maandishi, weka nakala, na uende benki ukiwa na ushahidi mkononi.